Umechimba ukakuta gogo la jiwe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wachimba visima, watu wa machimbo ya kokoto na mchanga, wachimbaji wadogo, na watu wa kawaida tu waliokuwa wanachimba shimo la choo wakagonga kitu chenye sura ya mti ila uzito wake sio wa mti. Nimeyapanga jinsi yanavyokuja. Ukiwa na haraka soma la pili na la nne, hayo mawili ndo yanamaliza kesi nyingi.

Kwani mti unageukaje jiwe?

Mti ukianguka kawaida unaozeshwa na kuvu na bakteria au mchwa wanaumaliza, na kuoza huko kunahitaji hewa. Sasa ikitokea gogo limefunikwa haraka, labda mafuriko yamelizika kwenye tope na mchanga au volkeno imelimwagia majivu, hewa inakatika na kuoza kunaenda polepole sana. Hapo maji ya ardhini yanaanza kupita ndani ya gogo yakiwa yamebeba silika iliyoyeyuka (yale madini yanayounda kwatzi na opali), ambayo mara nyingi imetoka kwenye hayo hayo majivu ya volkeno, silika inaganda kwenye kuta za seli, inajaza vitundu, na kadri mti wenyewe unavyopotea kidogo kidogo madini yanashika nafasi yake. Unachobaki nacho ni kwatzi au opali iliyonakili mti mpaka seli. Sio lazima iwe silika, kuna magogo yaliyojaa chokaa na mengine madini ya chuma, ila ya silika ndo mengi na ndo yanayodumu.

Inachukua muda gani? Inategemea maji. Huko Japani watafiti walizamisha vipande vya mti kwenye maji ya moto ya volkeno yenye silika nyingi, na ndani ya miaka 7 vikawa vimebeba silika karibu asilimia 40 ya uzito wake. Hayo ni mazingira ya peke yake lakini. Kwenye maji ya kawaida ya ardhini kazi ni ndefu mno, na jiwe kuiva likawa kwatzi gumu kabisa ni habari ya muda mrefu zaidi.

Nitajuaje kama nilichopata ni mti kweli au jiwe tu?

Watu wote wanakimbilia kuangalia jiwe. Mi naanza kuuliza shimo liko wapi na limechimbwa kwenye mwamba gani, maana hilo peke yake linaweza kufunga mjadala kabla hujanionyesha picha.

Iko hivi. Miti mikubwa ya kwanza duniani ina miaka kama milioni 385. Sasa mwamba wa Geita, Shinyanga, Singida na sehemu kubwa ya Dodoma una zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ule ukanda mwingine mkubwa unaopita Morogoro, Simanjiro kwenye tanzanaiti, Taita, mpaka Makueni na Kitui, huo ni mwamba uliopikwa na kukandamizwa chini kabisa ya milima zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kote huko wakati mwamba unatengenezwa hakukuwa na mti hata mmoja juu ya nchi kavu. Kwa hiyo kama uko ndani ya duara (shimo la wachimbaji), umeshapita udongo, umeshapita mchanga, unapasua mwamba wenyewe, halafu unaniambia umekuta gogo ndani ya mwamba, jibu ni hapana hata liwe na sura ya mninga wenye magome.

Tofauti ni udongo na mchanga uliolala juu ya huo mwamba, kwa mfano kwenye bonde la mto. Huo ni wa juzi na unaweza kuficha chochote.

Mwamba wa kutafutia ni mwamba tabaka, yaani uliojengwa na mchanga, tope au majivu ya volkeno yaliyorundikana na kugandamana. Ukiona jiwe la shimoni linaacha punje za mchanga mkononi, au lina tabaka tabaka zilizolala, hapo tuendelee kuongea.

Afrika Mashariki yanapatikana wapi?

Kenya pwani, ukitoka Mombasa kupanda kuelekea bara, kuna ule mwamba wa mchanga unaoitwa wa Mazeras, ndani yake kuna vipande vya miti vilivyogeuka silika, na umri wake ni karibu miaka milioni 200. Kule kaskazini Turkana kuna hifadhi ya Sibiloi, imetangazwa mwaka 1973, magogo yanaonekana juu juu tu na wala hapahitaji jembe, ukiyatazama na kile kijangwa kilichopo sasa hivi unashindwa kuelewa msitu ulikaaje hapo. Tanzania ni mabonde ya kusini, Ruhuhu na majirani zake, kwenye ule mwamba tabaka wa kale uitwao Karoo ambao ndo huo huo unaobeba makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma. Kule Lindi kuna Tendaguru, maarufu kwa dinosaria, ile mijusi mikubwa ya kale, iliyochimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 mpaka 1913 na mmoja wao amesimamishwa makumbusho ya Berlin.

Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria upande wa Kenya, pana habari ya aina yake. Kuna visiki na mizizi ya msitu wa miaka milioni 18 hivi, msitu alimokuwa anaishi yule nyani wa kale wa Rusinga. Ila visiki vile ni umbo, mti ulioza ukaacha tundu na tundu likajaa udongo ukawa jiwe. Ukikipasua hukuti seli ndani. Kina thamani kubwa kwa wataalamu, lakini ukikipima kwa vigezo vya gogo la silika utakitupa ukidhani ni bonge la udongo.

Nikiangalia kwa lenzi natafuta nini hasa?

Hapa ndo penyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nunua kioo cha kukuzia cha mara 10, vile vidogo vya kukunja wanavyotumia mabroka wa vito. Tafuta sehemu iliyovunjika upya, sio ganda la nje, maana ganda la nje linadanganya. Liloweshe maji, limulike kwa mwanga wa jua wa pembeni. Halafu angalia pande tatu. Upande wa kwanza ni kichwani, pale msumeno ungepita kukata gogo vipande. Wa pili ni ubavuni kuelekea kwenye kiini. Wa tatu ni ubavuni lakini kwa kufuata gome.

Kichwani, kama ni mti kweli, utaona vitundu vidogo vidogo vimejipanga kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda nje, ni kama umeshika fungu la mirija ya soda ukalichungulia kwa juu. Katikati ya hiyo mistari inapita miale, myembamba sana, nayo inatoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Miale hiyo ndo mashahidi wangu wakubwa. Mawe mengi yanaweza kuwa na mistari, mengi yana pete, ila jiwe lenye pete NA miale inayozikata pete hizo kwa pembe mraba, tena kwa mpangilio ule ule kipande kizima, hilo sijaona jiwe la kawaida likiigiza.

Ubavuni unaona nyuzi ndefu zinazoenda upande mmoja, na zikifika kwenye fundo zinajipinda kulizunguka. Angalia sana mafundo. Mstari wa kwenye mwamba hauzunguki fundo, mti unazunguka.

Pete za mwaka je? Zikiwepo vizuri, zisipokuwepo usikate tamaa. Miti mingi ya joto haina pete za kueleweka kwa sababu haipitii baridi ya kuisimamisha kukua, na watu wanatupa vipande vizuri kabisa eti kwa kuwa havina pete. Na kinyume chake, stalaktaiti (mawe ya chokaa yanayoning'inia) za mapangoni kama Amboni kule Tanga zina pete safi ukizikata, mara nyingi na katundu katikati, na sio mti. Pete peke yake haithibitishi chochote.

Kuna pia aina ya mnazi na mitende, hiyo haina pete wala miale. Kichwani inakuwa na nukta nukta nyingi zilizotapakaa, ubavuni nukta hizo zinakuwa michirizi. Ni nzuri sana ikisuguliwa.

Vipimo vya nyumbani je, bila maabara?

Vipo na ni rahisi. Kisu cha chuma kisichore jiwe, na jiwe lichore chupa ya kioo. Likipita hapo una kitu kigumu, mara nyingi cha silika. Kisu kikichora kirahisi, kwangua unga kidogo, dondoshea siki. Ukitoa povu ni chokaa, na bado inaweza kuwa mti wa chokaa kwa hiyo rudi kwenye lenzi. Tafadhali msitumie maji ya betri, kuna kijana aliniletea kipande kizuri alichokiosha na maji ya betri, mikono imebabuka na jiwe limechubuka.

Kipimo ninachokipenda ni cha uzito ndani ya maji. Weka ndoo ya maji juu ya mizani ya jikoni ya dijito, bonyeza isome sifuri. Ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini wala kingo. Namba utakayosoma kwa gramu ndo ujazo wake. Sasa chukua uzito wa jiwe likiwa kavu ugawe kwa hiyo namba. Mfano jiwe la gramu 530 likisoma 200 ndani ya maji, unapata 2.65, hiyo ni kwatzi kabisa. Opali inakuja karibu na 2 na kidogo, makaa ya mawe 1.3 hivi, na mti mkongwe uliolowa maji ambao haujageuka jiwe utazunguka pale kwenye 1. Ukipata 3.5 au zaidi fikiria madini ya chuma. Chokaa ni 2.71, iko jirani mno na kwatzi, kwa hiyo mizani haiwatenganishi hao wawili, siki ndo inawatenganisha.

Kumbuka vipimo hivi vinakwambia jiwe limetengenezwa na nini, havikwambii kama lilikuwa mti. Kokoto yoyote ya kwatzi itapata 2.65.

Hizi picha ninazotuma kila siku unaniambia sio, ni nini sasa?

Mara nyingi naisi. Ni mwamba wenye mikanda ya rangi nyeupe na nyeusi, ukipigwa na mvua miaka mingi mikanda laini inaliwa na migumu inabaki imetokeza, ukitazama kwa mbali unaapa ni ubao uliopigwa randa. Kwa karibu utaona punje zinazometameta, maika zile, na fuwele zilizolala bapa. Mti hauna maika.

Wengine wanaleta mawe ya nyuzi, unazikwangua zinatoka manyoya laini. Hizo acha, usizikwangue wala usizipulize, inaweza kuwa asbesto. Wengine wanaleta vijiwe vyeupe kama vidole vyenye tundu, ni chokaa iliyoganda kuzunguka mizizi, inapatikana sana kwenye maeneo makavu, kwa hiyo mzizi ulikuwepo kweli ila jiwe lile ni soksi yake tu. Na wapo wanaoleta mavi ya chuma kutoka kwenye matanuri ya zamani ya wafua chuma, hayo yana mawimbi na vipovu. Usiyatupe, yana historia yake.

Nimelikuta mita 40 chini, lazima liwe la mamilioni ya miaka?

Hapana. Kina hakisemi umri. Kwenye delta kama ya Rufiji mto unamwaga tope kila msimu, mti wa miaka elfu chache unaweza kuwa chini sana. Na magogo ya Sibiloi ya mamilioni ya miaka yako juani, mmomonyoko umeyavua nguo. Niambie tabaka, usiniambie mita peke yake. Yaani ulipita udongo mwekundu mpaka wapi, mchanga ulianzia wapi, ukagonga kitu kigumu wapi, na kipande kilikuwa ndani ya lipi kati ya hayo.

Kimetoka kisimani, ni cheusi, kucha inaingia, na kikikauka kinapasuka. Ni nini?

Hicho ni mti bado. Haujageuka jiwe, umehifadhiwa na maji tu, na msikidharau hata kidogo.

Maporomoko ya Kalambo, pale mpakani mwa Rukwa na Zambia, ndo mfano wa kuwapa. Mwanaakiolojia J. Desmond Clark alichimba pale miaka ya 1950 na 60 akapata miti ya kale kwenye tope lenye maji. Halafu mwaka 2023 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ikatangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya lingine kwa mfuo wa makusudi, ya miaka angalau 476,000. Sio jiwe, ni mti, una alama za kuchongwa. Umri huo hawakuupata kwa kaboni, walipima mchanga uliouzunguka kujua mara ya mwisho punje zake ziliona mwanga lini. Sasa fikiria wangekuwa ni sisi tumechimba kisima, tungekausha tukapikia chai.

Kwa hiyo ukikuta mti mweusi laini chini ya maji, usiuanike. Ufunge kwenye nailoni pamoja na maji ya pale pale, weka kivulini, angalia kama una alama za kukatwa au kuchongwa, halafu upige simu. Ukikauka peke yake unasinyaa na kujipinda na ndani ya siku chache ushahidi wote umekwenda.

Naweza kuuchoma kidogo nione kama unanuka moshi?

Ncha ndogo kama kiberiti, sawa. Ukitoa moshi na harufu ya kuni ni mti au makaa machanga. Gogo la silika halishiki moto. Ila likipashwa sana linaweza kupasuka na kurusha vipande kwa sababu ya maji yaliyomo ndani, kwa hiyo lisiingie jikoni.

Ni mti gani? Mzee wetu anasema ni mvule.

Kama limetoka Mazeras au kwenye Karoo ya kusini, mzee amekosea kwa heshima zote. Mvule, mninga, mpingo na miti yote ya maua haikuwepo wakati huo, ilikuja baadaye sana enzi ya Kretasi, iliyoanza miaka kama milioni 145 iliyopita. Miti ya enzi za Karoo ilikuwa upande wa misonobari na jamaa zake waliokwisha toweka, ambao kichwani wana vitundu vya saizi moja vilivyopangika sana. Mti wa maua una matundu makubwa makubwa yanayoonekana hata kwa macho, yamechanganyika na madogo, ndiyo yanayopitisha maji. Ukiona matundu makubwa ya hivyo kwenye kipande ulichoambiwa ni cha Karoo, ama umedanganywa kilikotoka ama kimeanguka kutoka tabaka la juu. Hii ni njia nzuri sana ya kumkamata muuzaji.

Kupata jina kamili kunahitaji maabara. Wanakata vipande vitatu kwa zile pande tatu, wanasaga mpaka unene wa milimita 0.03, mwanga unapita, wanaangalia kwa hadubini. Kwa lenzi ya mkononi tunaishia kwenye ukoo mkubwa tu na anayekwambia jina la spishi kwa picha ya simu anakufurahisha.

Kipimo cha kaboni hakiwezi kusema umri?

Kaboni inafika kama miaka 50,000 hivi, ikipita hapo imeisha. Kwa gogo la silika wanapima tabaka lililolifunika, hasa likiwa na majivu ya volkeno, maana majivu yana fuwele za zirkoni ambazo ndani yake urani inageuka madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana. Ndo maana kipande kilichokuja mezani kwangu bila kujua kimetoka tabaka gani hakina umri, na hakuna mtu atakayekirudishia.

Rangi zina maana gani?

Nyekundu, njano na kahawia ni chuma. Nyeusi inaweza kuwa kaboni iliyobaki au manganizi. Kijani wakati mwingine ni kromu. Nyeupe na kijivu ni silika isiyo na kitu. Rangi haisemi aina ya mti, mti wenyewe ulikuwa na rangi ya mti.

Nina rigi, nachimba visima virefu, napata vipande vidogo tu. Vinasaidia?

Vinasaidia ukiwa makini. Rigi inatwanga kila kitu kwa hiyo gogo zima hulioni, unaona vijiwe kama kucha. Shida ni kwamba ukuta wa shimo unamomonyoka, kijiwe kilichotoka mita 60 kinaweza kuwa kimeanguka kutoka mita 15. Kama vinatoka vingi mfululizo kwenye kina kimoja na kasi ya drili ilibadilika pale pale, basi viamini. Weka kwenye mfuko, andika kina kwa kalamu isiyofutika, usichanganye na mfuko wa mita inayofuata. Mafundi wengi wanamwaga kifusi chote rundo moja, na hapo hata mtaalamu wa wapi hawezi kusaidia.

Kuna kipande kimebaki chini ya kisima cha mkono, nishuke nikichukue?

Usishuke. Tabaka zenye miti na tope jeusi zinakula oksijeni na kutoa gesi mbaya, na hewa chafu inakaa chini ya shimo bila harufu ya kukuonya, kila mwaka watu wanafia visimani, na wa pili anafia kumfuata wa kwanza. Gogo limekaa humo muda wote huo, litasubiri mpaka wapatikane watu wenye kamba, kifaa cha kupimia hewa na pampu ya kuingiza hewa safi.

Bei yake ikoje? Nimeambiwa kilo ni mamilioni.

Aliyekwambia anataka umlipe ya "kipimo" au ya "kibali" kwanza. Hii hadithi ni ndugu wa ule utapeli wa zebaki nyekundu na rupia za Mjerumani, watu wanauza mashamba kwa ajili yake.

Ukweli ni kwamba Indonesia na Madagaska wanauza mti wa jiwe kwa makontena, umeshakatwa na kung'arishwa, tayari kuwa meza na sinki. Kwa hiyo kipande kichafu kutoka shimoni, chenye nyufa, bei yake ni ya chini. Kinachopandisha ni rangi kali, seli zinazoonekana, kutokuwa na nyufa, na kazi ya fundi wa kukata, maana msumeno wa almasi na ung'arishaji vinakula hela nyingi kuliko jiwe. Kipande kilichojulikana kilikotoka, tabaka na kila kitu, kina thamani kubwa kwa sayansi ila sayansi hailipi kwa kilo.

Ni la kwangu? Limetoka shambani kwangu.

Hapana, sio kirahisi hivyo. Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na marekebisho yake, Kenya kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, na zote zinagusa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa ardhini. Kutoa taarifa ni wajibu na kusafirisha nje bila kibali ni kosa. Hata mzigo mdogo wa zawadi, airport wanaweza kukuzuia.

Mimi niko Marekani, huku naona watu wanaokota. Inaruhusiwa?

Inategemea umesimama kwenye ardhi ya nani. Kule Arizona kwenye hifadhi ya Petrified Forest, iliyolindwa tangu 1906, kuokota hata kijiwe ni kosa, na watu wanaiba kisha wanarudisha kwa posta na barua za kuomba radhi, wanasema tangu wachukue mambo yao yameharibika. Hifadhi haiwezi hata kuyarudisha mahali pake kwa sababu hayajulikani yalitoka pembe gani. Ila kwenye ardhi nyingi za umma zinazosimamiwa na serikali kuu nje ya hifadhi, mtu anaruhusiwa uzito wa pauni 25 (kama kilo 11) kwa siku na kipande kimoja cha ziada, isizidi pauni 250 kwa mwaka, kwa matumizi yake mwenyewe na sio kuuza. Uliza ofisi ya eneo lile kwanza, kuna sehemu zimefungwa.

Ni kweli ni mti uliopigwa na radi?

Hapana. Radi inachoma na kupasua, haiingizi silika kwenye seli.

Nipeleke wapi, na nitume picha gani?

Tanzania anza na Makumbusho ya Taifa au Idara ya Mambo ya Kale, kwa upande wa mwamba kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma, na idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kenya ni Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Picha naomba hivi. Moja ya shimo zima na ukuta wake. Moja ya kipande kikiwa bado mahali pake kabla hamjakigusa. Halafu kichwani na ubavuni, kikiwa kimeloweshwa, sarafu ya shilingi ikiwa pembeni nijue ukubwa. Lokesheni ya simu, kina, na tabaka. Msitume picha yenye filta. Na kabla ya hapo msikipake mafuta ya kula wala vanishi ili king'ae, msikisugue kwa brashi ya waya, maji na mswaki wa zamani vinatosha.

Nimeshalipasua kwa nyundo. Nimeharibu?

Umelipunguza sura ila hujaliua. Sehemu iliyopasuka upya ndo ile ile ninayoomba kuiona kwa lenzi. Kusanya vipande vyote hata vidogo kwenye mfuko mmoja, usibandike kwa gundi, na usirudie nyundo, na ukivaa miwani siku ya kuokota ni vizuri kwa sababu kingo zake zinakata kama chupa.